Nafasi Niliyoiacha Wazi Kwenye Orodha

Jumanne, wiki ya pili ya Agosti. St Marys, Australia.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa baridi kavu unaoshuka kutoka milimani na kupenya hadi ndani ya soksi. Nimefika nyumbani saa kumi na mbili, giza limeshaingia. Bado nina sare ya shule. Mama amesema chakula kipo jikoni. Sina njaa.

Kuna jambo nimelifanya, na nataka niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Majina nimeyabadilisha, langu pia, na wenye habari hii nitawaomba ruhusa kwanza, kabla mtu mwingine hajaisoma. Kuuliza kwanza ni kitu nilichojifunza wiki hii, kwa kuchelewa.

Kwa mwaka mmoja sasa ni mimi ninayeandika matangazo ya Jumapili katika kanisa letu la Waswahili. Si kanisa kubwa. Tunakodi ukumbi wa shule, tunapanga viti wenyewe na kuvirudisha wenyewe. Wapo Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wachache. Vijana wengi wa umri wangu wanakielewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza. Mimi Baba alinifundisha kila Jumamosi asubuhi, imla na insha, tangu nikiwa na miaka sita. Kwa hiyo Mzee Gideon, katibu wetu, macho yalipoanza kumsumbua, alinikabidhi kazi ya kuandika. Mimi naandika kwa herufi kubwa, yeye anasoma. Wazee hunisifu. "Mtoto huyu anaongea kama hajawahi kupanda ndege," wanasema, na Baba hujifanya hajasikia.

Napenda kusifiwa. Nalikiri hili mapema kwa sababu ndiko kosa lilikoanzia.

Kanisani kwetu tuna desturi moja ninayoipenda kuliko zote. Mtu wetu akiapishwa uraia wa Australia, Jumapili inayofuata tunampokea sisi. Halmashauri ya mji imeshampokea siku za katikati ya wiki, kwa hotuba na bendera, lakini kwetu haijaisha mpaka sisi tumempokea. Anakwenda kusimama nyuma kabisa mlangoni. Mzee Gideon anasoma jina lake, alikotoka, miaka aliyongoja, na mtu wake ni nani. Huyo mtu wake, awe mume, mama au ndugu, anainuka, anamfuata mlangoni, wanatembea pamoja hadi mbele, na pale anamfunika kanga mabegani. Vigelegele. Halafu pilau.

Na kama mtu hana ndugu nchi hii, nafasi ile kwenye orodha huachwa wazi. Mzee Gideon akiikuta wazi husema, "Hana mtu hapa." Ni lazima mmoja wetu ainuke na kujibu kwa sauti, "Yupo! Mimi ni mtu wake." Mama alipokewa hivyo kabla Baba hajaja, na mwanamke wa Mombasa aliyekuwa hajawahi hata kusalimiana naye. Mpaka leo akisimulia anafuta macho.

Safari hii walikuwa wanne, familia moja tukiihesabu kama mtu mmoja. Kila mmoja alinitumia maelezo yake kwa simu. Wa mwisho alikuwa Anti Wambui.

Anti Wambui ni Mkenya wa Nakuru, muuguzi, anafanya kazi na Mama katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Ndiye aliyenifundisha kukunja chapati zikatoka na tabaka. Anaishi na Anti Chantal, Mkongo aliyekulia Uvira, aliyekuja hapa kama mkimbizi na kupata uraia zamani. Wanaishi pamoja tangu nikiwa shule ya msingi. Kanisani wanakaa safu ya tatu, upande wa dirisha. Watu huwaita "wale marafiki". Kila mtu anajua. Hakuna anayesema. Na mradi hakuna anayesema, wanapakuliwa pilau kama wengine na wanaulizwa hali kama wengine.

Hata nyumbani kwetu ilikuwa hivyo. Nilikuwa mdogo nchi hii ilipoulizwa kwa posta kama watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana. Nakumbuka bahasha mbili za kura hiyo juu ya friji, ya Baba na ya Mama. Zilikaa pale mpaka siku ya mwisho ikapita. Hazikufunguliwa wala hazikutupwa.

Ujumbe wa Anti Wambui niliusoma kwenye treni nikitoka shule. Uliandikwa hivi: "Wambui wa Nakuru. Miaka tisa. Mtu wangu ni Chantal, mke wangu. Asante mrembo."

Nilizima simu haraka kana kwamba abiria wa pembeni yangu anajua Kiswahili.

Nyumbani niliandika wale watatu wa kwanza vizuri. Nilipofika kwake kalamu ikasimama. Nikamwona Mzee Gideon akivaa miwani na kusoma maneno yale mbele ya watu wote. Nikamwona fulani akichukua mkoba wake na kutoka. Kisha nikasikia swali moja, na hili ndilo lililonishika: nani kaandika hivi?

Mimi.

Nikaandika, "Wambui, kutoka Nakuru, miaka tisa." Nafasi ya mtu wake nikaiacha wazi.

Nilijiambia kwamba sikudanganya, kwa kuwa sikuandika neno la uongo. Nilijiambia ninamkinga Anti Wambui na midomo ya watu. Muhula uliopita niliandika insha darasani kuhusu usawa wa raia mbele ya sheria. Mwalimu aliisoma kwa sauti kama mfano. Nilijua vifungu vyote.

Hakuna mtu aliyeniambia niliache jina lile. Hakuna mzee aliyeninong'oneza. Ingekuwa rahisi sana leo kama yupo wa kumnyooshea kidole.

Alhamisi akaapishwa. Mama alionyeshwa picha kazini, akaja kutuonyesha: Anti Wambui na Anti Chantal mbele ya bendera, meya katikati yao na mkufu wake mzito shingoni, amewashika mkono wote wawili. Kwa halmashauri halikuwa jambo. Aliulizwa amekuja na nani, akajibu, wakapewa viti.

Ikaja Jumapili.

Mzee Gideon alisoma familia inayokaa Fairfield, watu sita, watoto wakatembea wakicheka. Akasoma kijana wa Dodoma. Akasoma binti mmoja anayekaa Ingleburn aliyefunikwa kanga na baba yake, na baba akalia kuliko binti. Kisha akasogeza karatasi karibu na macho.

"Wambui, kutoka Nakuru. Miaka tisa."

Anti Chantal alikuwa ameshaanza kuinuka. Mkononi alikuwa na kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Hana mtu hapa," akasema Mzee Gideon.

Niliandika matangazo mwaka mzima. Nilijua nafasi ikiwa wazi kinasomwa nini. Nilijua, na sikuwaza. Nilikuwa nimeshughulika sana na kilichoandikwa, nikasahau kwamba kwetu pasipoandikwa pia husomwa.

Mama akaruka. Yeye hukaa safu ya mbele, hakuona nyuma yake. "Yupo!" akapaza sauti. "Mimi ni mtu wake!" Akakimbia mpaka mlangoni akivua kanga yake mwenyewe mabegani, na ukumbi mzima ukapasuka kwa vigelegele, kwa sababu watu wanampenda Mama na wanampenda Anti Wambui.

Anti Chantal akabaki nusu wima kidogo. Kisha akakaa. Akaanza kuikunja ile kanga, ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

Anti Wambui alitembea na Mama hadi mbele. Alitabasamu lile tabasamu la kazini, la kumwambia mgonjwa kwamba daktari anakuja sasa hivi. Akaitazama karatasi mkononi mwa Mzee Gideon. Halafu akanitafuta mimi. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu vya Jumapili havina kamba.

Hawakubaki kula.

Garini, tulipofika taa za barabarani za pili, Mama akanigeukia. "Neema, Chantal alikuwa anainuka?"

"Sijui, Mama."

"Nimeambiwa alikuwa anainuka na kanga mkononi. Mzee Gideon alimruka makusudi au alisahau?"

"Labda alisahau," nikasema.

Hili ni kosa la pili, na naona ni baya kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya nikiwa peke yangu na karatasi. Hili nilimtwisha mzee anayenishika kichwa kila Jumapili na kuniita mwandishi wangu.

Jana jioni Mama alimpigia simu. Alikuwa anakatakata vitunguu, simu ameiweka mezani kwa sauti kubwa, mimi niko sebuleni na vitabu vya hesabu.

"Mzee wangu, shikamoo. Nakuuliza kwa heshima. Kwa nini ulisema Wambui hana mtu?"

"Marahaba, Mama Neema. Mimi nasoma nilichoandikiwa. Macho yangu yenyewe unayajua, sina hata nguvu ya kuongeza neno."

"Kwa hiyo jina la Chantal lingekuwepo ungelisoma?"

Nikasikia kisu cha Mama kimesimama.

"Ningekohoa kwanza," akasema Mzee Gideon. "Lakini ningesoma."

Sijui kama kweli angesoma. Yeye mwenyewe labda hajui. Hilo ndilo linalonikaba: mzee wa miaka sabini na kitu alikuwa na nafasi ya kukohoa na kusoma, na mimi nikamnyima, kwa sababu niliamua mapema kwamba hawezi. Niliamua hivyo kwa ajili ya ukumbi mzima. Nilimhukumu kila mtu mle ndani, nikaiita hukumu hiyo busara.

Mama alikata simu akaja mlangoni, mikono inanuka kitunguu. Hakupiga kelele.

"Nionyeshe alichokutumia."

Nikampa simu. Akasoma taratibu, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akakaa kwenye mkono wa kochi, mahali anapotukataza sisi kukaa.

"Mke wangu," akarudia.

Nilidhani sasa atanielewa. Nilidhani atasema, ee, mwanangu, ulikuwa kwenye mtihani mgumu.

"Mimi lingenipa shida neno hili," akasema. "Sikufichi. Ningelala nalo siku mbili tatu. Lakini wewe hukunipa hata hizo siku mbili tatu. Umenisimamisha mahali pa mtu, Neema. Nimekimbia mbele za watu kwa furaha, nimekaa mahali pa mtu mwenyewe akiwa nyuma yangu ananitazama."

Nikalia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Kesho ukitoka shule utakwenda kwao. Peke yako. Mimi nitakwenda kwa zamu yangu."

Basi leo nimekwenda.

Wanakaa ghorofa ya pili, dakika kumi kutoka stesheni. Njia nzima nilikuwa narudia maneno niliyoyaandaa, yamenyooka kama insha. Nilidhani atafungua Anti Wambui. Alifungua Anti Chantal, bado ana fulana ya kiwandani, na ndani kunanuka sombe, kisamvu cha kwao.

"Neema. Ingia, baridi inaingia na weye."

Nilisimama karibu na meza na begi mgongoni. Insha yangu ikanitoka yote kichwani. Nikasema tu kwamba Mzee Gideon hakufanya kitu. Jina lake lilitumwa kwangu, na mimi ndiye niliyeliacha.

Akapunguza moto. Akanigeukia.

"Ni weye?"

"Ni mimi, Anti. Nisamehe."

"Ayayaya." Akashika kiuno. "Siku mbili mzima nimemutukana ule mzee mu roho yangu. Matusi ya Uvira, ya kweli kweli. Sasa itabidi nimuombe padoni, anisamehe, na yeye hajui hata kama nilimutukana!"

Alicheka, na mimi nikacheka kwa woga. Kisha kicheko chake kikakatika.

"Unajua nini iliniuma? Si ule kusema hana mtu. Watu wamenisema mambo mingi kuliko ile. Iliniuma vigelegele. Wote mulifurahi. Nikasema, basi hata nikitoka leo hapa, furaha yao haitapungua."

Nikashusha begi sakafuni.

"Karatasi ya Australia miye niko nayo zamani," akaendelea. "Wambui sasa ako nayo. Kule kwa meya tulipokelewa muzuri. Lakini meya hajui hata wimbo moja ya kwetu. Jumapili hatukuja sababu ya karatasi, Neema. Tulikuja juu yenu."

Hapo mlango ukafunguka. Anti Wambui, na sare ya kazi chini ya koti, mfuko wa maziwa mkononi. Alipima hali kwa jicho moja, kama anavyopima chumba cha mgonjwa.

"Ni yeye aliacha jina," Anti Chantal akamwambia.

"Najua," akasema Anti Wambui. "Nilimwona akifunga kamba za viatu zenye hana. Nilitaka aseme mwenyewe."

Aliweka maziwa kwenye friji. Akavua koti. Akakaa mbele yangu akaniambia nikae na mimi.

"Nikuulize kitu moja tu. Ulikuwa unanikinga ama ulikuwa unajikinga?"

Nilikuwa na jibu zuri la swali hilo tangu wiki iliyopita. Nimelitumia mara nyingi sana kichwani.

"Nilikuwa najikinga," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole kukubali. "Asante. Ungesema ile ingine ningekurudisha nyumbani sasa hivi. Sitakuambia hakuna shida, juu shida iko. Miaka tisa nilikuwa naogopa barua ya kuambiwa rudi. Ile siku ya kwanza nimelala bila kuogopa ilikuwa Alhamisi. Ijumaa, Jumamosi. Siku tatu. Halafu nikafika kwa watu wangu wakaniambia sina mtu."

Nikamwambia nataka kurekebisha. Nikasema Jumapili nitaandika upya, nitaandika yote kama alivyonitumia, Mzee Gideon asome mbele ya kila mtu.

"Ona sasa!" Anti Wambui akamgeukia Anti Chantal. "Juzi ametufuta bila kutuuliza, leo anataka kututangaza bila kutuuliza."

"Ni mwandishi, huyu," akasema Anti Chantal. "Mkono yake haitulii."

Walicheka wenyewe kwa wenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho nimekuwa nikikitazama miaka yote. Wanacheka kama Baba na Mama wanavyocheka sisi watoto tukikosea mbele yao.

Basi nikauliza. Niliuliza kwa unyenyekevu, bila insha. Mnataka nifanye nini?

Anti Chantal alikoroga sombe. Anti Wambui aliangalia vidole vyake.

"Useme ulichofanya wewe," akasema mwishowe. "Usimame useme nilipewa jina nikaliacha. Jina la Chantal litaje, hilo ni jina lake, hatulionei haya. Lakini lile neno nilikuandikia ni letu. Hilo tutasema sisi wenyewe, siku tukitaka, kwa mdomo wetu. Sawa?"

"Sawa, Anti. Na nyinyi mtakuja?"

Wakatazamana.

"Sijui," akasema Anti Wambui. "Nisikudanganye. Mimi nimechoka. Chantal anasema twende, mimi nasema tupumzike. Tutaona."

Nilitaka anisamehe kwa maneno yanayosikika. Hakusema. Alinipa sombe kwenye kikopo cha plastiki nimpelekee Mama, akaniambia nipite njia yenye taa. Sijui kama ule ni msamaha au ni malezi tu ya watu wazuri.

Nimefika nyumbani nikampigia Mzee Gideon. Nilimwambia yote.

"Kumbe niliwasema vile mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu," akasema. "Hana mtu. Na mtu amesimama pale." Alipumua. "Jumapili utasimama kabla ya matangazo. Mimi nitakaa karibu. Wakinuna, wataninunia na mimi."

Sikuamini masikio yangu. Kisha nikaona aibu kwa kutoamini, maana ni kosa lilelile tena: kumjua mtu kabla sijamuuliza.

Sasa nimekaa na karatasi nyingine tupu. Nimeandika sentensi moja tu, "Nilipewa jina la Anti Chantal nikaliacha kwa sababu niliogopa nyinyi mtanionaje." Ni fupi, na haina hata neno moja ambalo Baba angelisifu. Kila nikijaribu kuongeza, naona najitetea, nafuta.

Huenda watanuna. Huenda kuna atakayeuliza kwa nini tunayafukua mambo. Huenda nikaambiwa nipumzike kuandika matangazo, na nitakubali, ingawa itaniuma. Linalonitisha si hayo. Linalonitisha ni kusimama pale, nigeuze macho upande wa dirisha, safu ya tatu, nikute viti viwili havina mtu.

Na hata vikiwa hivyo, nitasema. Kosa sikulifanya kwa sharti kwamba wawepo.

Kesho ni Jumatano. Zimebaki siku nne za kuogopa, na hizi sitaki kuziruka.